Gatumba: wanajua maji yatarudi, lakini hawahami

Katikati ya Bujumbura na Uvira, kando ya mto Ruzizi, maelfu ya familia zimejenga pale ambapo parseli na kodi ya nyumba ni za bei ya chini. Tangu mwaka 2020 mto na ziwa vimeingia ndani ya nyumba zao zaidi ya mara moja. Kwa nini wengi wanarudi kila maji yanapokauka? Na mtu wa Uvira anayetafuta parseli ya bei rahisi anaweza kujifunza nini pale?

Kabla ya jua kutoka, barabara ya taifa namba 4 ya Burundi inaanza kujaa watu pale Gatumba. Wamama wenye mabeseni ya ndagala, vijana wa baiskeli wenye bidoni, wanafunzi, mafundi wa ujenzi na wachuuzi wanasimama kando ya barabara, lakini hawaangalii wote upande mmoja. Wengine wanangojea gari la kwenda Bujumbura, karibu kilometa 15 upande wa mashariki. Wengine wanaelekea magharibi, kwenye mpaka wa Kongo, kisha Kavimvira na katikati ya mji wa Uvira.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukaa Gatumba: mtu analala katikati ya masoko mawili. Bidhaa ikikosekana Bujumbura, huenda inapatikana Uvira. Franka ya Burundi ikishuka, kuna mtu wa kuuza upande ambako wanapokea franka ya Kongo na dola. Katika miaka hii ya ukosefu wa mafuta nchini Burundi, bidoni za petroli kutoka Uvira zimepita hapa kila siku, na familia nyingi zimekula kwa ajili ya bidoni hizo.

Sababu ya pili ni bei. Pesa ambayo katika kartie za katikati ya Bujumbura hulipa chumba kimoja ndani ya ua wa watu wengi, Gatumba imekuwa ikilipa nyumba ndogo yenye nafasi ya jiko nje na kuku wawili watatu. Kwa anayenunua, tofauti ni kubwa zaidi. Mtu mwenye mshahara mdogo, ao mama mwenye biashara ya sokoni, anaweza kuwa na parseli yake mwenyewe, kitu ambacho mjini angekiota tu.

Sababu ya tatu ni lugha na ndugu. Gatumba watu wanaongea Kirundi na Kiswahili, na familia nyingi ziko na watu pande zote mbili za mpaka. Mkongomani anayefika pale hajisikii mgeni sana.

Jina la Gatumba pia linabeba huzuni kwa Wakongomani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi iliyokuwa pale. Hata hivyo watu wameendelea kuja, wengine kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita katika Bonde la Ruzizi, kwa sababu ni mahali pa kwanza mtu anapofika akivuka mpaka.

MTO KUTOKA JUU, ZIWA KUTOKA CHINI

Ili kuelewa shida ya Gatumba, ni lazima kuangalia maji yanatoka wapi. Ruzizi inazaliwa Bukavu, pale ziwa Kivu linapotoa maji yake, karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari. Inashuka kilometa zaidi ya 100 mpaka ziwa Tanganyika, na katika safari hiyo inapoteza karibu metre 700 za urefu. Sehemu ya kwanza ni makorongo na maporomoko, ndiyo maana mabwawa ya umeme ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yalijengwa kule. Sehemu ya mwisho ni bonde tambarare, ambalo Warundi wanaliita Imbo. Mto unapofika kwenye ubapa huo unapoteza nguvu, unaacha mchanga na tope, na karibu na ziwa unagawanyika mikono miwili, Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo.

Gatumba iko katika ubapa huo, ng'ambo ya daraja la Ruzizi kwa mtu anayetoka Bujumbura. Ardhi yake ni udongo ambao mto wenyewe uliuleta. Mto uliopita mahali fulani zamani unaweza kupita pale tena, hasa ukipata kizuizi mbele yake.

Kizuizi hicho ni ziwa. Tanganyika likiwa chini, Ruzizi inaingia ndani yake bila shida. Ziwa likipanda, hata metre moja tu, maji ya mto yanapunguza mwendo kabla ya kufika mdomoni. Yanaacha mchanga mwingi zaidi, kitanda cha mto kinajaa, na mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanatafuta njia pembeni. Pembeni ndipo kuna nyumba.

APRILI 2020, KISHA TENA

Mwezi wa nne 2020 wakaaji wa Uvira hawawezi kuusahau. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe ulibeba nyumba, madaraja na makumi ya watu. Siku chache baadaye, upande wa pili wa mpaka, Ruzizi ilitoka kwenye kitanda chake na kuingia Gatumba. Kartie kama Kinyinya, Mushasha na Gaharawe zilijaa maji. Maelfu ya familia zilitoka na kile kilichoweza kubebwa kichwani.

Mafuriko ya Gatumba hayafanani na ya Mulongwe. Uvira maji yanashuka kutoka milimani kwa nguvu, yanaua usiku mmoja, na asubuhi yamepita. Gatumba maji yanakuja polepole, mara nyingi watu wana muda wa kukimbia, lakini yakishafika hayaendi. Ubapa hauna mteremko wa kuyaondoa, na ziwa liko juu. Yanakaa wiki, yanakaa miezi. Wengi wa wale waliotoka 2020 walipelekwa kwenye mahema ya waliohama, kama yale ya Maramvya, na wengine walikaa ndani ya hema kwa miaka.

Mwaka 2024 ikawa tena. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu mwezi wa tisa 2023, na ziwa likapanda mpaka likafunika bandari ya Kalundu kule Uvira na kuingia katika kartie za pwani ya Bujumbura, zikiwemo zile za matajiri. Gatumba watu walitembea kwa mitumbwi katika njia ambazo walizoea kupita kwa baiskeli. Viboko wa delta ya Ruzizi, ambayo ni mbuga ya taifa, walionekana karibu na nyumba. Mwezi wa nne mwaka huo serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa, wakisema watu zaidi ya 200,000 nchini wameguswa na mvua na mafuriko.

HESABU AMBAYO HAIKO KWENYE KARATASI YA MAUZO

Parseli ya Gatumba ni bei rahisi siku ya kuinunua. Garama nyingine zinakuja baadaye, kidogo kidogo, na ni vigumu kuziona zote kwa mara moja.

Kwanza ni nyumba yenyewe. Wengi wanajenga kwa matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa na jua, na kuezeka kwa manjanja. Tofali la namna hiyo likilala ndani ya maji siku chache, linarudi kuwa udongo. Mistari ya chini inayeyuka kwanza, kisha ukuta unaanguka kwa uzito wake. Kinachobaki ni manjanja na mbao, ndiyo maana familia inayohama hubomoa paa mapema na kuliweka mahali pa juu. Mwenye uwezo anajenga msingi wa mawe na simenti na kutumia matofali ya kuchoma, lakini hapo bei rahisi ya parseli imekwisha kupotea.

Pili ni kujaza udongo. Mwenye pesa ananunua magari ya mchanga na mawe ili kuinua uwanja wake. Inamsaidia yeye. Maji ambayo hayakuingia kwake yanaingia kwa jirani, na jirani huyo mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi.

Tatu ni afya. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, choo cha shimo hakiwezi kuwa na kina kirefu. Mafuriko yakifika, choo na kisima vinakuwa kitu kimoja. Kipindupindu si jambo geni katika sehemu hii ya ziwa: Uvira inakijua kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa Januari 2023 Burundi ilitangaza ugonjwa huo katika eneo la Bujumbura. Mbu nao wanazaa katika madimbwi yanayobaki, na malaria inaongezeka baada ya maji kupungua, wakati ambapo watu wanadhani shida imekwisha.

Ine ni safari. Gari likikosa petroli, mtu wa Gatumba anatembea kwa miguu ao anapoteza siku ya kazi. Mwezi wa tatu 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya Bujumbura. Kijana aliyekuwa akibeba mzigo wake kwa baiskeli mpaka sokoni alilazimika kuushusha njiani na kulipa mtu mwingine. Na maji yakifunika barabara ya taifa namba 4, bei ya safari inapanda siku hiyohiyo.

Tano ni muda wa watoto. Shule ikijaa maji, ao ikigeuka makao ya waliokimbia, masomo yanasimama. Hakuna anayeandika wiki hizo kwenye bei ya parseli.

Mtu akijumlisha haya yote kwa miaka mitano, mara nyingi atakuta alilipa bei ya mjini bila kukaa mjini.

KWA NINI BASI HAWAHAMI?

Maafisa na mashirika wamesema mara nyingi kwamba watu wa Gatumba wahamie mahali pa juu. Kwa mtu anayeangalia ramani, ni jambo jepesi. Kwa mama anayeuza ndagala, ni hesabu nyingine.

Ndagala wanavuliwa usiku, kwa taa, na samaki huyo akifika asubuhi ni lazima auzwe upesi ao aanikwe juani. Mama anayekaa karibu na ufuko anafika mapema, anachagua, ananunua kwa bei ya wavuvi. Akihamishiwa kilometa nyingi mbali na ziwa, atakuwa mtu wa mwisho kufika, na faida yake yote itabaki kwa mwenye gari. Ni vilevile kwa anayevuka mpaka kila siku na laissez-passer ya CEPGL mkononi. Akisogea mbali na duani, kila kilometa ni pesa, na biashara yake ni ndogo kiasi kwamba nauli peke yake inaweza kuimaliza.

Kuna pia jambo la haki juu ya ardhi. Aliyenunua parseli Gatumba ameweka pale akiba yake ya maisha. Hawezi kuiuza wakati iko chini ya maji, kwa sababu hakuna mnunuzi. Akiondoka na kuiacha, anaogopa kwamba mtu mwingine ataishika. Kwa hiyo anangoja. Maji yakipungua, anarudi, anafyatua matofali, anarudisha manjanja yake. Mwenye kupangisha naye anapata wapangaji upya, kwa bei ya chini kuliko ya kwanza, na bei hiyo inaleta watu wapya ambao hawakuwa pale 2020 na hawakuona maji.

Hapo ndipo hatari inazaliwa tena. Kila mafuriko yanapunguza bei, na kila bei iliyopungua inaleta familia maskini kuliko zile zilizoondoka. Wanaobaki kando ya mto wanajua kabisa kwamba maji yatarudi. Wanachokosa ni mahali pengine ambapo wanaweza kulala na bado wakapata kula.

MLANGO WA ZIWA UKO KALEMIE

Wakaaji wengi wa Gatumba hawajafika Kalemie, lakini usalama wao unategemea sehemu fulani mji ule. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi: Ruzizi upande wa kaskazini, Malagarasi kutoka Tanzania, na mingine midogo isiyohesabika. Maji yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie na kwenda kukutana na Lualaba. Mengine yote, na ndiyo mengi, yanaondoka kwa kukaushwa na jua.

Lukuga haijakuwa wazi siku zote. Katika karne ya 19 mdomo wake ulizibwa na tope na majani, na ziwa likapanda sana. Wazungu waliopita wakati ule, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, walibishana kama Lukuga ni mto wa kutoa maji ao si mto kabisa. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilikatika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka metre nyingi. Katika miaka ya 1960 lilipanda tena na kusumbua bandari. Mnamo 2005 na 2006 shida ilikuwa kinyume: ziwa lilikuwa chini kiasi kwamba meli zilipata taabu kufika bandarini, na watu walitaka Lukuga izuiwe ili maji yabaki.

Leo kilio ni kwamba Lukuga ifunguliwe, tope litolewe, ziwa lipumue. Ni wazo lenye maana, lakini si dawa ya siku moja. Ziwa lina eneo la karibu kilometa za mraba 32,900. Ili kulishusha sentimita moja tu, ni lazima kutoa zaidi ya metre cube milioni 300 za maji, na wakati huohuo mvua na mito vinaendelea kuleta mengine. Tena mlango ukifunguliwa bila kipimo, wanaokaa kando ya Lukuga ndio watakaofurika, na mwaka wa ukame bandari zote za ziwa zitalia. Kwa sababu hiyo kazi hii haiwezi kufanywa na inchi moja. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003, na mamlaka ya pamoja ya ziwa iko na makao yake Bujumbura, kilometa chache kutoka Gatumba. Hapo ndipo mazungumzo ya Lukuga yanapaswa kugeuka kazi inayoonekana.

UMBALI SI UREFU

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya metre 150 kutoka ziwani. Ni sheria nzuri, na mahali pengi haikuheshimiwa. Lakini Gatumba inaonyesha kwamba hata ikiheshimiwa haitoshi. Nyumba nyingi zilizofurika pale ziko mbali zaidi ya metre 150 na ziwa. Maji hayahesabu hatua kutoka ufukoni, yanafuata urefu wa ardhi. Parseli iliyo metre 1,000 kutoka ziwani lakini juu yake kwa metre moja tu, iko karibu na maji kuliko nyumba iliyo metre 200 juu ya kilima.

Hili linagusa Uvira moja kwa moja. Kavimvira, kandokando za Mulongwe na Kalimabenge, na pwani mpaka Kalundu, kuna parseli zinazouzwa kwa bei inayofurahisha. Fishi ya parseli na sahihi ya chefu wa kartie vinaonyesha kwamba ardhi ni yako. Havionyeshi maji yalifika wapi mwaka 2020 wala mwaka 2024.

Kwa hiyo anayetaka kununua afanye kazi ndogo kabla ya kutoa pesa. Aende kuangalia parseli mwezi wa nne, wakati wa mvua, na si mwezi wa saba wakati kila kitu ni kikavu. Aangalie kuta za majirani: maji yaliyokaa wiki nyingi yanaacha mstari wa rangi ya tope ambao hata chokaa haiufichi vizuri. Aulize wapangaji na si muuzaji, hasa wamama waliokaa pale zaidi ya miaka mitano, kwa sababu wao ndio waliotoa watoto usiku. Aombe kuona kisima ao choo kinachochimbwa karibu, ili ajue maji ya ardhini yanaanza wapi. Kisha ajumlishe kwenye bei ya parseli garama ya msingi wa mawe, ya matofali ya kuchoma, ya kujaza udongo, na ya kodi ya nyumba nyingine kwa miezi mitatu. Kama jumla hiyo bado iko chini ya bei ya mahali pa juu, anunue akijua anachonunua.

Kwa wale waliokwisha kujenga, hesabu hiyo imechelewa. Wao wanahitaji mambo ambayo familia moja haiwezi kujifanyia: kingo za mto zinazotunzwa kila mwaka, mifereji isiyojaa takataka, tangazo la mapema ziwa linapopanda, na mahali pa kuhamia palipo karibu na barabara na soko. Pakikosekana mahali pa namna hiyo, maji yakishuka mwaka huu, matofali mabichi yataonekana tena juani pale Gatumba, yakisubiri kukauka kabla ya mvua za mwezi wa tisa.